Anayepandisha Bendera Haimbi

Kila Jumatatu asubuhi, kabla sijamaliza kuanika nguo, sauti hupanda kutoka nyuma ya ukuta wa shule iliyo karibu na ploti yetu hapa Athi River. Huanza na mtoto mmoja, kiranja bila shaka, anayeanzisha kwa sauti ya juu mno. Wengine humfuata huko huko juu alikowapeleka, na kufikia katikati ya ubeti wa kwanza wote wamekwama, wanatafuta njia ya kushuka. Ubeti wa pili huwa wa kunong'ona kwa sababu wengi hawaujui vizuri. Wa tatu hupigwa mbio kwa kuwa wanajua ndio wa mwisho. Ni wimbo wa taifa, na hivyo ndivyo unavyoimbwa katika shule nyingi za msingi nilizowahi kupita, sijui ni nani huwafunza watoto kuuharibu kwa namna ile ile.

Mimi nikiusikia husimama. Wala si jambo la kuamua, miguu husimama yenyewe. Hubaki pale kwenye roshani ya ghorofa ya tatu na shati bichi mkononi, maji yakinitiririkia kiwikoni, na vumbi la simiti likijitafutia mahali pa kutua kwenye nguo nilizokwisha kuanika. Jirani yangu wa mlango wa pili, dada mmoja anayeshona nguo kwenye viwanda vya EPZ, alishanizoea. "Mama Mutheu amezima tena," humwambia mumewe. "Ngoja wamalize ndio awake."

Acheni niwaambie nilikojifunza kuzima hivyo.

Nililelewa upande wa Katangi, kule Yatta, katika boma la Susu, yaani nyanya yangu mzaa mama. Tuliishi watatu: Susu, mama na mimi. Baba alikuwa ameenda Mombasa kutafuta kazi nilipokuwa mdogo sana, Mombasa ikammeza, na nyumbani kwetu jina lake lilitajwa kwa nadra kama la kijiji tulichowahi kupita zamani. Nyumba yetu ilitazamana na shule ya msingi. Katikati kulikuwa na barabara ya vumbi jekundu na ua wa mkonge wenye mianya mikubwa, kwa hiyo tulichokipika walimu walikinusa, na walichokisema walimu tulikisikia. Nikifumba macho hata sasa naipata harufu ya asubuhi zile: moshi wa kuni, muthokoi wa jana, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, ukipashwa moto, na vumbi la uwanja lililonyunyiziwa maji kidogo na watoto wa zamu ya kufagia.

Jumatatu na Ijumaa zilikuwa siku za bendera. Mlingoti ulikuwa wa mkaratusi, umepigwa chokaa mpaka kimo cha mtoto wa darasa la tatu, na bendera yenyewe ilikuwa imekula jua mpaka ikachoka. Nyekundu yake ilikuwa imegeuka rangi ya matofali, na kijani ilikuwa ya mchicha uliochemshwa kupita kiasi. Mwalimu wa zamu alikuwa mara nyingi Mwalimu Kioko, mtu mrefu, mwenye kaptula za kaki na soksi zilizovutwa mpaka magotini. Alitufundisha maana ya kila rangi: nyeusi ni watu, nyekundu ni damu, kijani ni ardhi, nyeupe ni amani. Nilipofika nyumbani na kumweleza Susu, alitazama shamba letu lililokauka, akaniuliza hiyo ardhi ya kijani ni ya upande gani, kwa sababu ya Yatta yeye anaijua.

Wimbo ulipoanza, barabara nzima ilisimama. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya kwetu na hakuna aliyetulazimisha. Mwenye baiskeli alishuka, mama aliyebeba kuni alisimama na mzigo wake mgongoni, wauza mbuzi waliacha kubishana. Waliokataa kusimama walikuwa punda tu. Punda wa kwetu hubeba maji kutoka kisimani, na wanaijua njia ya nyumbani kuliko wenyewe. Kwa hiyo ungemwona mwenye punda amesimama wima mikono ubavuni, macho yakimtoka, huku punda wake akienda zake polepole na mitungi ya maji mgongoni. Wimbo ukiisha tu, mtu mzima alitimua mbio kumfuata. Mwalimu Kioko alipenda kutuambia kwamba hiyo ndiyo tofauti kati ya raia na punda.

Mama yangu alisimama kuliko wote. Hata kama alikuwa ndani jikoni akikoroga uji, alitoka nje, akaitazama shule, akanyooka na mwiko mkononi. Hakuimba. Alifunga mdomo tu na kutazama juu. Uji wetu wa Jumatatu ulikuwa na ladha ya kuungua na hatukujua kwamba uji una ladha nyingine siku hiyo. Nami nikiwa kwenye mstari wa darasa langu nilimwona vizuri kupitia mianya ya mkonge, na nawaambia ukweli, niliona haya. Watoto wengine walinigusa kiwiko na kunionyesha kwa midomo: mamako yule, na mwiko. Kama ningejua nitakavyoutafuta ule mwiko kwa macho baadaye, ningewaonyesha mimi mwenyewe.

Nilipokuwa darasa la nne, mvua ilikataa msimu mmoja, ikakataa na wa pili. Mama alisikia kanisani, kwa mwanamke aliyekuwa na dada yake huko, habari za kazi za nyumbani Arabuni. Maneno yalianza kuzungumzwa jikoni kwa Kikamba cha chini chini, nikiingia yakakatika. Halafu Jumapili moja baada ya ibada alivaa viatu vyake vizuri, akaninyoosha kola ambayo haikuwa imejikunja, akaniambia anaenda kufanya kazi miaka miwili na atarudi. Alinipa leso yake moja ya rangi ya zambarau nimtunzie. Nilimuuliza kama huko Arabuni kuna Jumatatu. Alicheka, akaniambia Jumatatu iko kila mahali.

Alipofika huko alinunua laini na kuanza kupiga simu kwenye simu ya tochi ya Susu. Nafasi aliyoipata ilikuwa asubuhi, watoto wa nyumba aliyofanyia kazi wakishaenda shule, wakati anapanda juu ya paa kuanika nguo. Saa za huko na zetu ni sawa, jambo ambalo Susu hakuliamini hata siku moja. Yeye aliona mahali pa mbali kiasi hicho lazima pawe jana au kesho. Alizungumza kwenye simu kwa kupiga kelele, ili sauti ifike.

Jumatatu ya kwanza nilikuwa tayari nimeenda shule. Mama alimuuliza Susu habari za mbuzi, za kisima, za kifua chake, kisha akamwomba jambo.

"Nipeleke kwa ua," alimwambia. "Nataka kusikia watoto wakiimba."

"Unataka wimbo? Si huko wako na nyimbo zao?"

"Nipeleke tu, mama. Wako karibu kuanza."

Basi nikiwa nimesimama kwenye mstari, nikamwona Susu akivuka barabara na kilemba chake, ameishika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Alifika kwenye ua, akaipitisha katikati ya miiba ya mkonge na kuinyoosha mbele, mkono wote umeingia uwanjani. Nilielewa mara moja nani alikuwa ndani ya ile simu. Hakuna aliyeniambia. Kiranja alipoanzisha, niliimba kwa nguvu zangu zote. Mimi sina sauti nzuri, sijawahi kuwa nayo. Yangu ni ya kukwaruza, na siku ile niliipeleka ikakwaruze Arabuni. Waliokuwa mbele yangu waligeuka. Wimbo ulipoisha, Mwalimu Kioko alinigeukia.

"Mwende," akasema, "taifa ni letu sote. Usituimbie peke yako."

Shule nzima ilicheka, nami sikujali. Saa ya mapumziko nilikimbia nyumbani. Susu alikuwa ameketi anachambua maharagwe, na bila kuinua kichwa akasema, "Mama yako amesema amekusikia."

Neno hilo lilinilisha wiki nzima. Tangu siku hiyo tukawa na Jumatatu yetu sisi watatu: mama juu ya paa lake, Susu kwenye ua, mimi kwenye mstari na koo langu. Sikuwa nikizungumza na mama mara nyingi, kwani muda wake ulikuwa mfupi na simu ikikatika inakatika. Lakini kila mapumziko nilikimbia kwenda kupokea jibu langu, na jibu lilikuwa lile lile. Amesema amekusikia.

Miaka miwili ilikuja ikapita. Mama akasema mwenye nyumba ameomba aongeze kidogo. Kisha akasema pasipoti yake iko kwa mwenye nyumba na wanazungumza. Susu aliniambia habari hizo kwa sauti ile ile aliyotumia kuniambia mbuzi amezaa, ila usiku alisali kwa muda mrefu zaidi, na jina la mama alilirudia rudia. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu ambayo sikuitamka kwa mtu yeyote, kwamba Arabuni ni kama Mombasa, humeza watu, na mama yangu hatarudi.

Ndipo siku moja mkutanoni Mwalimu Kioko akatuambia, katika yale mafundisho yake ya asubuhi, kwamba popote alipo Mkenya duniani, yuko chini ya bendera hii. Yeye alisema hivyo akawa amemaliza, akaendelea na habari za kucha ndefu. Mimi nilibaki hapo hapo. Mtoto wa umri ule husikia maneno jinsi yalivyo. Kama mama yuko chini ya bendera hii, nikafikiri, basi anayeivuta kamba yake anamvuta na yeye. Nikajiwekea imani: nikichaguliwa kuipandisha, na ikifunguka vizuri kule juu, mama atarudi nyumbani.

Labda hamjui, lakini bendera ya shule haipandi ikiwa imefunguka. Hukunjwa kwa urefu, ikakunjwa tena, ikaviringishwa mpaka inakuwa furushi dogo, kisha kamba huzungushwa na kuachwa kitanzi chepesi. Inapanda hivyo hivyo ikiwa furushi. Ikifika juu, skauti huvuta mara moja tu, kitanzi kinafunguka, na bendera inamwagika. Kitanzi kikilegea, inafunguka njiani ikapanda inajikokota. Kikikaza sana, haifunguki kabisa, na hapo huteremshwa mbele ya macho ya watu wote. Skauti aliyepatwa na hilo aliitwa Furushi mpaka akamaliza shule.

Mazoezi yangu niliyafanyia kwenye nguzo ya kamba ya nguo, kwa leso ya mama. Kila jioni niliikunja, nikaifunga, nikaivuta juu. Mwanzoni harufu yake ya sabuni ya mche na mafuta ya nazi ilinijia usoni kila ilipofunguka, na nilikuwa nikivuta pumzi kabla haijaenda. Kadiri nilivyofanya mazoezi ndivyo upepo wa Yatta ulivyoichukua ile harufu, mpaka ikabaki ya vumbi kama nguo nyingine zote. Jirani mmoja alimuuliza Susu kama tumeanzisha kanisa, maana kuna madhehebu kwetu hupandisha bendera bomani. Susu akamjibu kwamba bado tunatafuta waumini.

Nikiwa darasa la sita Mwalimu Kioko alinichagua. Alinivalisha skafu ya skauti shingoni na kunieleza kanuni: furushi linapoanza kupanda ndipo wimbo unapoanza, bendera inafunguka kabla ya ubeti wa kwanza kuisha, halafu skauti anarudi hatua moja nyuma, anapiga saluti, na kubaki hivyo mpaka mwisho.

"Na mdomo umefungwa," aliongeza. "Anayepandisha bendera haimbi. Yeye analinda."

Nilisema ndiyo, mwalimu. Ningesema ndiyo hata kama angeniambia nisimame kwa mguu mmoja.

Jumatatu yangu ya kwanza Susu alikuwa mahali pake, mkono umeingia kwenye mkonge. Niliivuta kamba taratibu, furushi likapanda, wenzangu wakaimba, nami nikavuta mara moja. Ilifunguka. Ile bendera yetu ya mchicha na matofali ilimwagika juu ikatanda kama mpya. Nilirudi nyuma, nikapiga saluti, na moyoni nikamwambia mama: haya, njoo.

Saa ya mapumziko nilikimbia kama kawaida. Safari hii mama alikuwa amepiga tena, na Susu alinipa simu.

"Mwende," sauti ya mama ilisema, ndogo, yenye upepo wa lile paa ndani yake. "Uko mgonjwa?"

"Siko mgonjwa."

"Leo sijakusikia. Nimesikiliza mpaka mwisho."

"Mama, si siku hizi ni mimi napandisha bendera! Anayepandisha haimbi."

Pakawa na kimya. Nilidhani simu imekatika, nikaitazama.

"Hongera, mwanangu," akasema. "Ilifunguka vizuri?"

"Mara moja tu."

"Vizuri. Hongera sana."

Nilimrudishia Susu simu nikaenda kunywa maji, nimejaa fahari. Kile kimya sikukiuliza. Nilidhani ni furaha.

Wiki zilizofuata Susu alibadilisha kazi yake. Sasa hakuinyoosha simu kwenye ua peke yake, aliivuta sikioni mara kwa mara na kunong'ona. Mimi nikiwa kwenye saluti nilimwona midomo ikicheza. Baadaye nilijua kwamba mama alimwomba amweleze, naye Susu alimtangazia kama mtu wa mpira redioni: sasa inapanda, imefika katikati, imefika juu, Mwende anavuta, imefunguka, amerudi nyuma, amepiga mkono. Kuzungumza wakati wa wimbo wa taifa kulikuwa dhambi kubwa mbele ya Mwalimu Kioko. Alimwona Susu, nina hakika alimwona, kwa sababu kila Jumatatu alianza kusimama akiwa ameupa ua mgongo.

Kisha simu zikakoma. Jumatatu moja haikulia, na nyingine, na nyingine. Susu aliendelea kwenda kwenye ua na simu yake iliyonyamaza, akainyoosha vile vile mpaka wimbo ukaisha, akarudi nyumbani. Nami niliendelea kuvuta. Nilikunja ile bendera kwa uangalifu ambao sijawahi kuupa kitu kingine maishani, na Jumatatu moja ya pepo za Agosti, kwa uangalifu huo huo, nikakaza kitanzi kupita kiasi. Furushi lilifika juu. Nikavuta, halikufunguka. Nikavuta tena. Watoto waliimba ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, huku furushi liko kule juu kama andazi na mimi nalivuta na machozi yananitoka. Mlio na watoto mnajua kulia kwa aina ile, kusiko na sauti. Mimi sikulilia bendera. Nilijua kwamba nimemfungia mama yangu Arabuni kwa mikono yangu mwenyewe.

Mwalimu Kioko aliwaachilia wengine waende madarasani. Akaja akashika kamba juu ya mikono yangu, tukaliteremsha pamoja.

"Bendera ikikwama inateremshwa, inafungwa upya," aliniambia. "Hakuna aliyekufa."

"Na kama amekufa?" nikamuuliza.

Alinitazama, akatazama ua, pale ambapo Susu alikuwa bado amesimama. Alichuchumaa pale vumbini na soksi zake nyeupe, akaikunja bendera upya taratibu ili nione, akaniachia mimi nifunge kitanzi. Tuliipandisha uwanja ukiwa mtupu, bila wimbo. Ilifunguka.

Mama alirudi muhula uliofuata, siku ya Ijumaa. Susu hakuwa kwenye ua, kwa kuwa Ijumaa haikuwa siku yake. Furushi lilikuwa limefunguka na nilikuwa nimerudi nyuma, mkono kwenye paji la uso, wimbo uko katikati ya ubeti wa kwanza, nilipomwona mwanamke akija barabarani kutoka upande wa sokoni. Alikuwa na sanduku la magurudumu, lakini magurudumu yalishindwa na mchanga wetu, kwa hiyo alikuwa amelibeba kichwani. Alikuwa mwembamba. Alitembea haraka. Alipofika mkabala na lango akasikia wimbo, na akasimama.

Alisimama pale pale na sanduku kichwani, mkono mmoja umelishika, mwingine ubavuni, amenyooka. Punda mmoja alimpita. Alikuwa akinitazama mimi. Nami nilikuwa nikimtazama yeye, mkono kwenye paji, na hakuna hata mmoja wetu aliyesogea. Ningeweza kukimbia, na leo sidhani kama kuna mtu angenilaumu. Lakini haikunijia kwamba jambo hilo linawezekana. Wimbo ulikuwa unaimbwa, na yeye ndiye aliyenifundisha maana ya kusimama. Ubeti wa pili ulikuwa mrefu kuliko niliowahi kuusikia.

Katika ubeti wa tatu mama yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akiimba wimbo ule, alifungua mdomo akaimba. Hapo ndipo nilipojua sauti yangu niliitoa wapi. Ilikwaruza kutoka barabarani, ikapita kwenye mkonge na kuingia uwanjani, na safu za nyuma zikaanza kugeuka. Aliimba mpaka neno la mwisho, akiwa na sanduku kichwani.

Ulipoisha, ilikuwa zamu ya matangazo. Mwalimu Kioko alikohoa.

"Mwende," akasema. "Nenda."

Sitawasimulia zaidi ya hapo. Aliyewahi kusubiri mtu anajua, na asiyewahi namtakia aendelee hivyo hivyo.

Habari za huko mama alizitoa kidogo kidogo, miaka mingi, akiwa anafanya jambo jingine. Kwamba jina lake, Nduku, liliwashinda wakamwita Mariamu. Kwamba ile simu mwenye nyumba aliikuta siku moja kwenye kapu la nguo na kuichukua. Kwamba Jumatatu aliendelea kupanda kwenye paa na kusimama, bila simu, kwa kukisia tu kwamba sasa wameanza. Kwamba pasipoti walimrudishia mwishowe, walipopata mfanyakazi mwingine. Nilimuuliza siku moja alikuwa akisikiliza nini hasa, kwani wimbo ni ule ule. Alifikiri. "Nyinyi," akasema, akaendelea kupepeta mahindi. Hakulalamika kuhusu kamba wala bendera, hata kwa utani. Skafu yangu ya skauti aliifua na kuipiga pasi mwenyewe mpaka nilipomaliza shule.

Tulimzika mwaka juzi pale nyumbani, upande unaotazama mlingoti. Ni wa chuma siku hizi. Namkosa kila siku, lakini Jumatatu namkosa kwa namna yake.

Mutheu, binti yangu, anasoma katika hii shule ya nyuma ya ukuta. Sasa mnajua huwa nazima kwa nini, ila sijawaambia yote. Mbali na kusimama, huwa namtafuta. Katika zile sauti zote zilizokwama kule juu, kuna moja inayokwaruza, na nikiipata huwa naendelea kuanika nguo nikiwa mtu mwingine. Nafikiri sikujua kwamba nafanya hivyo, mpaka jioni moja muhula uliopita, aliporudi nyumbani anarukaruka, begi linampiga mgongoni.

"Mum, guess nini. Wamenichagua skauti. Jumatatu ni mimi napandisha bendera!"

Nilikuwa nimeshika mwiko. Nilitaka kusema hongera, na sikuweza. Kilipita kimya, na ndani ya kile kimya nikasikia upepo wa paa la Arabuni. Nilikijua. Niliwahi kukisikia kwenye simu ya tochi na kudhani ni furaha. Kumbe mama alikuwa na wiki nzima ya kuitwa Mariamu, na kitu kimoja tu cha kumvusha, sauti yangu mbaya katikati ya nyingine. Nami nikaiondoa ili nimrudishe nyumbani. Akanipa hongera. Akaniuliza kama ilifunguka vizuri.

"Mum? Hujafurahi?"

"Hongera, mwanangu," nikasema. "Njoo nikuonyeshe kufunga kitanzi."

Jumatatu ilipofika nilisimama kwenye roshani. Kiranja alianzisha kule juu juu, na sikio langu likaanza kutafuta kwa mazoea, likazunguka, halikupata kitu. Nilihisi ule utupu wote. Kisha juu ya ukuta nikaona ncha ya mlingoti, na furushi likipanda. Lilifika juu, likatulia kidogo, likafunguka. Ndipo nikafungua mdomo nikaimba, kwa sauti niliyopewa, kutoka ghorofa ya tatu mpaka ng'ambo ya ukuta, beti zote tatu. Jirani yangu alitoka kwenye roshani yake na mswaki mdomoni.

Jioni Mutheu aliweka begi chini, akanitazama kwa jicho la pembeni.

"Mum, ule alikuwa anaimba asubuhi ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nilikusikia," akasema. "Shule yote ilikusikia. Please usirudie."

Jumatatu iliyofuata nilirudia.